Siku Aliyojifungua Alikuwa Kazini

Mtu akikuambia kwamba kupata kazi hakumfai mtu chochote, utamtazama mara mbili uone kama ana homa. Lakini karatasi za Bi Asilimia ndivyo zilivyokuwa zikisema, na karatasi haziugui. Alizikagua Jumatatu. Akazikagua Jumanne. Jumatano akaamka mapema na kuzikagua kabla hata ya kupiga mswaki, labda zimejirekebisha zenyewe usiku. Wapi!

Bi Asilimia si jina alilopewa utotoni. Alipewa na mama yake mzazi, tena ukubwani, baada ya kusoma mpaka vitabu vikachoka. Alikuwa mchumi, na kazi yake ilikuwa kuchunguza nani ana kazi, nani hana, na serikali ifanye nini ili asiye nayo apate. Mama yake, aliyefagia maofisi ya watu kwa miaka thelathini, hakuelewa hata siku moja ni kazi gani hiyo ya kuchunguza kazi za wenzio. Alichoelewa ni kwamba binti yake hawezi kumaliza sentensi bila kutaja asilimia, hata ukimuuliza kama ameshiba. Jina likashika nyumbani, likaruka ukuta, likafika ofisini, na sasa hata wakubwa wake walimwita hivyo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, Kamati ya Ajira ilianzisha mpango: mwajiri akichukua mwanamke aliyekaa miaka bila ajira, serikali inamlipia nusu ya mshahara. Kiwanda kimoja cha dobi kikajitokeza, kile kikubwa kinachofua mashuka ya hospitali na mahoteli, kikasema kina nafasi sitini. Waliojiandikisha wakawa mia mbili na arobaini. Sasa utachaguaje hapo? Bi Asilimia ndiye aliyeshauri kura ipigwe na kompyuta, pasiwe na mambo ya mjomba wala shangazi. Wenye bahati wakapewa kadi za kazi, wasio na bahati wakarudi nyumbani. Yeye akabaki na shughuli ya kuwalinganisha: baada ya mwaka, waliopata wanaishije na waliokosa wanaishije? Tofauti kati yao ndiyo faida ya mpango. Njia yenyewe ni safi, wachumi wanaipenda mno.

Na tofauti? Hakuna. Milo kwa siku, sawa. Watoto walio shuleni, sawa. Walioumwa wakaweza kumwona daktari, sawa. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima na mtu asiyefanya, wote wamesimama bega kwa bega, huwezi kusema huyu ni yupi na yule ni yupi.

"Kama hakuna tofauti," Mwenyekiti wa Kamati alimwambia kwenye simu, "basi tunamwaga maji kwenye pakacha. Niletee ripoti Ijumaa ya wiki ijayo. Tunafunga."

Kufunga maana yake ilikuwa moja tu. Mwisho wa mwezi kiwanda kingewaachisha wote sitini, kwa sababu meneja alishasema wazi kwamba bila ile nusu ya serikali hawawezi. Bi Asilimia alilijua hilo.

Jioni ile alitandaza karatasi sakafuni, mafungu mawili: huku daftari la mahudhurio alilopewa na kiwanda, huku majibu ya wanawake waliohojiwa majumbani. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake akichambua mchele.

"Unatafuta nini humo?"

"Kosa, mama."

"La nani?"

"Langu. Naomba liwe langu."

Akapitisha kidole kwenye daftari la mahudhurio, mstari kwa mstari. Namba thelathini na moja: yupo, yupo, yupo. Namba thelathini na mbili: yupo, yupo. Akaenda mwanzo, akaenda mwisho. Wanawake sitini, miezi kumi na minne, hakuna aliyekosa hata siku moja.

"Hata siku moja?" Mama yake aliacha mchele. "Mimi nilikuwa hodari, nina cheti pale ukutani. Lakini niliumwa, nikafiwa, nikaolewa, nikakuzaa wewe na hicho kichwa chako. Sitini hawaumwi hata jino? Hao si watu, mwanangu, hao ni malaika, na malaika hawafui mashuka ya mtu."

Bi Asilimia hakucheka. Alikuwa ameshachukua fungu la pili na kutafuta namba thelathini na moja. Mke wa mtu, watoto watatu, wa mwisho kazaliwa tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu mwaka huu. Akarudi kwenye daftari. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, namba thelathini na moja aliingia saa moja asubuhi, akatoka saa kumi jioni. Kesho yake vile vile.

"Mama. Huyu siku aliyojifungua alikuwa kazini."

"Basi kuna aliyemsaidia," alisema mama yake, akarudi kwenye mchele. "Ama kuzaa, ama kufua."

Alhamisi asubuhi akaenda kiwandani. Ukiingia mle ndani mvuke unakupiga usoni kabla hujasalimia mtu. Matoroli ya mashuka machafu yalikuwa yanasukumwa upande mmoja, masafi yanatoka upande wa pili, na katikati meza za kupigia pasi zimepangwa safu sita, kila meza na mwanamke wake mwenye kitambaa cheupe kichwani, aproni mpaka magotini, na kadi imebanwa kifuani. Msimamizi wa zamu, mwanamume mnene mwenye taulo shingoni, alimpokea vizuri tu mpaka aliposikia namba anayoitafuta. Hapo akakohoa.

"Mrefu!" akaita. "Una mgeni!"

"Naam!" ikaitika sauti kutoka chini.

Nasema chini kwa sababu mwanamke aliyejitokeza nyuma ya rundo la mashuka alikuwa hajafika begani kwa Bi Asilimia, na Bi Asilimia mwenyewe si mti wa kupandwa. Kwenye kadi palikuwa na picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu na uso mwembamba. Juu ya kadi palikuwa na uso wa mviringo, mashavu yamejaa.

"Wewe ndiye namba thelathini na moja?"

"Ndiye mimi, dada."

"Unaitwa Mrefu?"

Mwanamke akajinyoosha kidogo kwa vidole vya miguu. "Leo nimechoka tu," akasema.

Msimamizi alitazama dari, akatazama saa, kisha akakumbuka kwamba kuna jambo la haraka kwenye tangi la maji ya moto, akatoweka. Yule mwanamke mfupi alipoona wamebaki wawili, macho yakamjaa machozi pale pale, na ule utani wote ukamwisha.

"Dada yangu, nakuomba. Si hapa. Njoo nyumbani saa kumi na moja, utaambiwa kila kitu."

Nyumbani kwenyewe kulikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kitanda huku, majiko na ndoo kule. Walikuwa wanne wakimngoja, wameketi kama watu waliofiwa. Mrefu mwenyewe, wa kwenye picha, aliinuka kumpokea, kichwa karibu kiguse dari, mtoto mgongoni. Yule mfupi alikuwa wifi yake. Wa tatu aliitwa Mama Pacha, mcheshi siku nyingine, siku hiyo anaitazama sakafu. Wa nne alikuwa mjane wa mlango wa pili, mtu mzima, ameshika tama.

"Ni kweli," Mrefu akaanza, hakutaka kuzunguka. "Kadi ni yangu, lakini kazi ni yetu. Kila mtu wiki yake kwa mwezi, na mshahara mafungu manne. Kumi na mbili mwezi wa tatu nilikuwa hapo kitandani, na wifi alikuwa mezani kwangu."

"Ninyi peke yenu?"

Wakatazamana. "Wote," akasema Mama Pacha. "Kadi zote sitini."

Bi Asilimia akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, bila kukaribishwa. "Nani aliwafundisha haya?"

"Si wewe?" Mrefu akamjibu, na wala hakuwa anamsuta. "Siku ya kujiandikisha ulisimama pale kwenye kipaza sauti ukatuambia ukweli, na tulikupenda kwa hilo. Ukasema nafasi ni sitini, sisi mia mbili na arobaini, kwa hiyo kati ya wanne watatu watakosa. Sasa tungekaa tu tukingoja kukosa? Kabla hujafika hata kwenye gari lako tulishakubaliana: atakayepata achukue watatu waliokosa. Matokeo yalipobandikwa ukutani, kila mwenye kadi akaondoka na watu wake."

Lahaula! Miaka mingapi darasani, kompyuta ya bei ghali, kura isiyo na upendeleo, na wanawake wa foleni wameimaliza hesabu yote kabla hajafunga mlango wa gari. Kweli akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakujua kipi kitangulie.

Akawaeleza lililomleta. Akawaambia ripoti inasema mpango hauna faida na unafungwa mwisho wa mwezi.

"Hauna faida?" Mama Pacha akaruka. "Mapacha wangu wako darasa la pili kwa ajili ya hiyo kadi!"

"Najua sasa. Lakini kwenye karatasi zangu wewe ni mtu aliyekosa. Kwa hiyo mapacha wako nimewahesabu upande wa waliokosa. Nikilinganisha, naona mtu asiye na kazi naye anasomesha. Nasema basi, kazi ya nini?"

Mtoto akaanza kulalama, Mrefu akamtikisa mgongoni.

"Nikinyamaza, kazi inakwisha mwisho wa mwezi," akaendelea Bi Asilimia. "Nikisema ukweli, labda mpango utapona. Lakini mtakuwa mmejulikana kwamba mnaazimana kadi, na kanuni ya kiwanda mnaijua. Mlipohojiwa nilisaini fomu kwamba majibu yenu hayatawaletea madhara. Niliiandika sentensi hiyo kwa mkono wangu. Kwa hiyo sisemi mpaka mniruhusu."

"Usiseme," akasema mjane. "Wakubwa ukiwaambia ukweli wanautafutia adhabu."

"Aseme," akasema wifi. "Mficha uchi hazai. Watatufukuza wote sitini? Nani atapiga pasi? Hospitali watalaza wagonjwa kwenye godoro tupu?"

Wakabishana mpaka sauti zikapanda, Mrefu akazikata. "Hili si la wanne. Tutaulizana meza kwa meza. Tupe mpaka Jumapili." Kisha akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, kwa adabu zote, na njiani hakumwomba kitu chochote.

Bi Asilimia hakulala vizuri siku tatu. Jumapili mchana simu yake ikalia, ujumbe wa neno moja: Sema.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ijumaa akasimama mbele ya Kamati, watu tisa na chupa zao za maji, meneja wa kiwanda akiwa ameketi pembeni kama mgeni mwalikwa. Akaeleza kila kitu isipokuwa majina. Akaeleza kwamba ameshindwa kuona tofauti kati ya waliopata na waliokosa kwa sababu waliopata walikataa kuwa tofauti. Kwamba kwa nafasi sitini, serikali ilikuwa inalisha nyumba mia mbili na arobaini bila kujua. Kwamba kosa ni lake yeye, aliyedhani watu wanaoishi mlango kwa mlango watakaa kama makopo kwenye rafu, kila mmoja peke yake.

Meneja alikuwa amefungua mdomo. "Mimi nilikuwa nawasifu," akasema. "Nimeongoza viwanda vitatu, sijawahi kuona mahudhurio kama yale. Kumfukuza mtu siwezi, nitapata wapi wengine wa namna hiyo?"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema mpango utaendelea, tena kwa miaka miwili. Watu wakapiga makofi. Kisha akainua mkono.

"Lakini udanganyifu siwezi kuubariki. Mpango huu ni wa mtu mmoja, kazi moja. Kuanzia Jumatatu pawekwe mashine ya alama za vidole getini. Kadi basi."

Bi Asilimia alisimama tena. Aliomba kanuni ibadilishwe, wanne waruhusiwe kazi moja kwa majina yao yote. Akaambiwa fomu ina nafasi ya jina moja. Akaomba fomu ibadilishwe. Akaambiwa aketi. Wenzake walimpongeza kwenye ukumbi, wakampigapiga mabegani, ripoti ya aina yake hiyo, na yeye akaenda chooni akafungua bomba ili wasimsikie akilia. Alikuwa ameokoa kazi sitini na kuzifungia milango nyumba mia moja na themanini.

Jioni ile ile akaenda kuwaambia mwenyewe. Alitaka wamtukane, angalau. Mjane alitikisa kichwa tu, hakusema nilikuambia, ingawa haki alikuwa nayo. Mama Pacha alikwenda nje akarudi macho mekundu.

"Mashine inasoma kidole," Mrefu akasema mwishowe. "Haisomi sufuria. Nitaingia mimi wiki zote nne, na mafungu yatabaki manne."

"Upige pasi mwezi mzima upate robo?" Bi Asilimia hakuweza kujizuia. "Una mtoto wa miezi minane! Mgongo utakukatika."

"Mtoto atakaa kwa wifi. Mama Pacha atanipikia, bibi huyu atanichotea maji. Wewe unaona nafanya kazi ya wanne, lakini nikirudi nitakuta wanne wamefanya yangu." Akacheka kidogo, lakini alikuwa ameshika kiuno, na hakuna mtu chumbani aliyemwamini.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu Bi Asilimia alikuwa getini. Hakuitwa na mtu. Mashine ilikuwa imefungwa ukutani, nyeusi, ndogo, na taa yake nyekundu, na fundi wake pembeni amevaa shati jipya. Wanawake sitini wa kwenye picha wamejipanga, na nyuma yao, ng'ambo ya barabara, mia moja na themanini wamekuja kuona wanavyoagana na kazi. Hawakupiga kelele. Walisimama tu.

Wa kwanza akaweka kidole asajiliwe. Nyekundu. Akafuta kwenye aproni, akaweka tena. Nyekundu. Akaambiwa asogee, akaja wa pili. Nyekundu. Wa tatu, kidole cha kulia, kidole cha kushoto, gumba. Nyekundu. Meneja akaweka chake, taa ikawa kijani mara moja. Fundi naye akaweka chake, kijani. Akaja Mrefu, akajaribu vidole vyote kumi kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu, mtu asije akasema hakujitahidi. Vyote nyekundu.

"Hebu nione mkono, mama," akasema fundi.

Bi Asilimia naye akasogea. Amewahoji wanawake hawa mara tatu, maswali themanini kila mara, na hakuwahi kuwashika mkono akautazama. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja. Miaka ya kufulia watu majumbani, halafu dawa ya kung'arishia ya kiwandani, halafu pasi. Fundi alipitisha kidole chake juu ya kidole cha Mrefu, polepole, akasema pole. Mrefu akamjibu asante, kana kwamba ameambiwa pole ya mafua.

Saa mbili dereva wa hospitali alikuwa anapiga honi, anataka mashuka ya upasuaji. Saa mbili na robo Mwenyekiti akapiga simu.

"Nasikia mashine mbovu?"

"Nzima kabisa, Mwenyekiti. Fundi ameikagua."

"Sasa mbona watu wako nje?"

"Hawana alama za vidole. Zimefutika."

"Zimefutika? Watu sitini? Kwa nini?"

"Kwa kufua," akasema Bi Asilimia. "Zimeishia kwenye mashuka."

Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuisikia kwake, basi warudishiwe kadi zao waingie, wagonjwa wanasubiri. Msimamizi mwenye taulo shingoni alikuwa ameshaanza kuzigawa. Mrefu akaipokea yake, akavuka barabara, akaibana kifuani kwa Mama Pacha. Wiki hiyo ilikuwa zamu yake.